Kasi ya Baiskeli ya Umeme: Namba ya Kwenye Skrini na Mahali Mota Inapokata

Baiskeli ya umeme haiioni barabara inayopita chini yake. Inachokijua ni kitu kimoja: gurudumu limezunguka mara ngapi. Namba ya kasi inayowaka kwenye usukani inatokana na hesabu hiyo, na mota nayo huacha kumsaidia mwendeshaji kwa kufuata hesabu hiyo hiyo. Hesabu ikiwa sahihi, vyote viwili vinakuwa sahihi. Hesabu ikipotoka, vyote viwili vinapotoka pamoja.

Mazungumzo haya ni kwa wasikilizaji wa Mahongole, wa Makambako mjini, wa Njombe na wa vijiji vyote vilivyo kati. Yatakwenda kwa hatua tatu. Kwanza, namna kasi inavyopimwa na kwa nini namba huweza kupotoka. Pili, namna mota inavyokata, na sababu nyingine zinazoifanya ikate kabla ya wakati. Tatu, namna mwenye baiskeli anavyoweza kuipima mwenyewe kwa chaki, tepu na simu ya mkononi.

Ianze baiskeli yenyewe. Baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye pedali, mnyororo na breki kama nyingine zote, iliyoongezewa betri, mota na kisanduku kidogo cha kuongoza umeme ambacho mafundi hukiita kontrola. Mota hukaa kwenye habu ya gurudumu la mbele au la nyuma, au katikati penye pedali. Mwendeshaji anakanyaga, mota inamwongezea nguvu. Hapo ndipo inapoachana na pikipiki ya umeme, ambayo haina haja ya pedali. Kampuni ya Yamaha ya Japani ndiyo iliyoanza kuuza baiskeli za namna hii, zinazosaidia kadiri mtu anavyokanyaga, mwaka 1993. Leo Afrika Mashariki nayo inazijua. Jinja, nchini Uganda, shirika la FABIO limekuwa likizisambaza zile za kubebea mizigo. Nairobi, vijana wanaopeleka vyakula na vifurushi wanazitumia.

Je, jambo hili linamhusu vipi mtu wa Mahongole? Kata ya Mahongole iko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, na Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Ni nchi ya vilima na upepo, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli hubeba mahindi, viazi, mbao na abiria. Kwenye nchi kama hiyo msaada wa mota mlimani ni neema. Lakini barabara hizo hizo zina malori yanayokwenda mpakani, na anayeingia barabarani bila kujua kasi yake halisi anajiweka hatarini.

Hatua ya kwanza: kasi inapimwaje?

Katika pikipiki nyingi za zamani, waya unatoka kwenye gurudumu la mbele hadi kwenye kisahani cha spidi. Waya ukizunguka, unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini, na kikombe kinavutwa na nguvu ya sumaku huku springi ndogo ikikizuia. Mshale unaonyesha mahali nguvu hizo mbili zinapolingana. Mpango huo ulibuniwa na Mjerumani Otto Schulze, aliyeusajili mwaka 1902, na umedumu zaidi ya karne moja.

Baiskeli ya umeme hufanya kwa njia nyingine. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku moja ya gurudumu, na kihisio hufungwa kwenye uma au kwenye fremu karibu yake. Kila sumaku inapopita mbele ya kihisio, kontrola inapokea alama moja, yaani gurudumu limezunguka mara moja. Katika mota nyingi za kwenye habu, sumaku na kihisio vimefichwa ndani ya habu, lakini kazi ni ile ile ya kuhesabu mizunguko.

Lakini mizunguko peke yake bado si kasi. Ili kupata kasi, kontrola lazima ijue gurudumu linakwenda umbali gani kila linapozunguka mara moja. Umbali huo ni mzingo wa tairi. Na kontrola inaujuaje mzingo? Haiujui. Inaambiwa. Kiwandani au kwa fundi, mtu ameingiza namba kwenye skrini: gurudumu hili ni la inchi 26, au 28, au 20. Kuanzia siku hiyo kontrola inazidisha idadi ya mizunguko kwa mzingo iliotajiwa, bila kuuliza kama ni kweli.

Wakulima wa Njombe na Makambako wanaijua hatari hii kupitia gunia la viazi. Mnunuzi anahesabu magunia kumi, na hesabu yake haina kosa. Lakini kama kila gunia ni lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, magunia kumi yana uzito mwingine kabisa kuliko ule unaolipiwa. Aliyehesabu hakukosea idadi. Kilichokosewa ni ukubwa wa kitu kimoja kimoja kinachohesabiwa. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Skrini ya baiskeli nayo huhesabu mizunguko sawasawa, ila huenda imeambiwa ukubwa wa tairi usio wake.

Basi, makosa ni yapi, na lipi ni kubwa, lipi ni dogo? Ni vizuri kuyapanga, kwa sababu watu wengi huhangaika na dogo na kuliacha kubwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni la idadi ya sumaku. Baiskeli nyingine hutoa alama moja kwa kila mzunguko, nyingine hutoa sita au zaidi. Kontrola inatakiwa iambiwe ni ngapi. Ikiwa gurudumu linatoa alama sita na kontrola imeambiwa moja, kila mzunguko mmoja utahesabiwa kuwa sita. Baiskeli inayotembea kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, itaonyesha kama 25, na mota itakata palepale baada ya kuanza safari. Mwenye baiskeli atadhani mota imeungua, kumbe ni namba moja tu kwenye mipangilio. Kinyume chake kikitokea, gurudumu likitoa alama moja na kontrola ikiamini ni sita, baiskeli itakimbia kilomita 25 kwa saa huku skrini ikionyesha 4, na mota haitafika kamwe mahali pake pa kukata.

Kosa la pili kwa ukubwa ni la saizi ya gurudumu. Hili ndilo la kuangaliwa sana Tanzania. Phoenix na baiskeli nyingine kubwa za mizigo zina magurudumu ya inchi 28, na tairi lake huenda karibu mita 2.24 kwa mzunguko mmoja. Baiskeli za inchi 26, zenye tairi pana, huenda kama mita 2.07. Sasa tuseme fundi amenunua mota na kontrola iliyopangwa kwa inchi 26, akaifunga kwenye Phoenix bila kubadilisha namba. Nini kitatokea? Kila mzunguko baiskeli inakwenda mbali kuliko kontrola inavyodhani. Mwendeshaji akiwa kwenye 25 halisi, skrini itamwambia 23. Ataamini anakwenda taratibu, kumbe sivyo.

Kosa la tatu ni la vipimo vya kigeni. Baiskeli iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Uingereza huweza kuonyesha maili kwa saa. Namba 20 kwenye skrini hiyo ni kilomita 32 kwa saa. Kijana anayesoma 20 akidhani ni kilomita anakwenda kasi zaidi ya mara moja na nusu ya anavyofikiri. Dawa yake ni rahisi: alama ndogo iliyo pembeni ya namba isomwe, na kipimo kibadilishwe kwenye mipangilio.

Kisha yako makosa madogo. Tairi lililopungua upepo huwa fupi kidogo kutoka habu hadi ardhini, hasa likibebeshwa gunia au abiria. Tairi lililokwisha kashata nalo hupungua kidogo. Haya mawili huifanya skrini ionyeshe kasi kubwa kidogo kuliko ya kweli, lakini tofauti yake kwa kawaida ni ya asilimia moja au mbili hivi. Upepo wa tairi ujazwe kwa ajili ya usalama wa rimu na wepesi wa kukanyaga. Kwa habari ya kasi peke yake, hauwezi kulinganishwa na kosa la saizi ya gurudumu.

Kuna pia hali ambazo skrini huchelewa tu. Gurudumu lenye sumaku moja, baiskeli ikienda kilomita 5 kwa saa, hutoa alama moja kila sekunde moja na nusu. Kontrola inasubiri alama inayofuata ndipo ijue kasi imebadilika. Kwa hiyo kwenye mwendo mdogo namba huruka-ruka au hubaki nyuma. Kwenye kilomita 25 kwa saa alama huja zaidi ya mara tatu kwa sekunde, na namba hutulia. Na katika baadhi ya mota za habu, kihisio huhesabu mzunguko wa mota badala ya gurudumu. Mwendeshaji akiteleza bila kukanyaga, mota inasimama huku gurudumu likiendelea, na skrini inaonyesha sifuri katikati ya mteremko.

Swali moja huulizwa mara kwa mara: mbona magari na pikipiki huonyesha kasi kubwa kuliko ile ya simu? Jibu liko kwenye sheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari na pikipiki, inasema kisahani kisionyeshe kamwe kasi ndogo kuliko ya kweli. Kinaruhusiwa kuzidisha kwa kiasi fulani, lakini hakiruhusiwi kupunguza hata kidogo. Hivyo mtengenezaji hukipanga kionyeshe juu kidogo ili awe salama. Baiskeli ya kusaidia kukanyaga yenye kikomo cha kilomita 25 kwa saa haihesabiwi na sheria za Ulaya kuwa pikipiki, wala haifungwi na kanuni hiyo. Skrini yake inaweza kukosea kwenda juu, na inaweza kukosea kwenda chini. Kosa la kwenda chini ndilo la hatari.

Tukumbushane kabla ya kuendelea. Skrini inahesabu mizunguko na kuizidisha kwa mzingo iliotajiwa. Mzingo ukitajwa vibaya, kasi inatoka vibaya.

Hatua ya pili: mota inakata vipi?

Mota ya baiskeli haikusudiwi kusaidia kwenye kila kasi. Nchi mbalimbali zimeweka mahali pa kuacha, na kwa kuwa baiskeli zinazofika Tanzania zimetengenezwa kwa masoko ya nchi hizo, inafaa kuzijua desturi zake. Katika Umoja wa Ulaya, mota yenye nguvu ya hadi wati 250 inapunguza msaada polepole na kuuacha kabisa kabla baiskeli haijafika kilomita 25 kwa saa, na inaacha pia mtu akiacha kukanyaga. China nayo imeweka 25. Marekani, majimbo mengi yana kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na daraja lingine linaloruhusiwa kufika maili 28, yaani kilomita 45.

Japani ina utaratibu wake. Huko mota huruhusiwa kuongeza hadi mara mbili ya nguvu ya mwendeshaji mpaka kilomita 10 kwa saa. Kuanzia hapo msaada unapungua kidogo kidogo mpaka unaisha kwenye 24. Hili linawahusu wanunuzi wa baiskeli za mtumba, kwa sababu baiskeli nyingi zilizotumika huletwa kutoka Japani. Mnunuzi akipanda baiskeli ya umeme ya Kijapani akaona inavuta vizuri mlimani, kisha inalegea kwenye tambarare, asikimbilie kusema betri imechoka. Ndivyo ilivyoundwa.

Sasa, mota inajuaje kwamba 25 imefika? Inaangalia namba ile ile ya kontrola. Hapa ndipo moyo wa mazungumzo haya ulipo. Kasi inayoonyeshwa na kasi inayoikata mota ni matunda ya mti mmoja. Turudi kwa ile Phoenix iliyofungwa kontrola ya inchi 26. Mota itakata pale kontrola inapoamini kuwa ni 25, lakini barabarani itakuwa 27. Kinyume chake, kontrola iliyopangwa kwa inchi 28 ikifungwa kwenye gurudumu la 26, mota itakata kwenye 23, na mwenye baiskeli atalalamika kuwa amenunua mashine dhaifu.

Je, kilomita mbili ni jambo la kujali? Ni jambo. Umbali wa kusimama kwa breki haukui sawasawa na kasi, unakua kwa kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Kutoka 25 hadi 27, umbali wa breki unaongezeka kama sehemu moja ya sita. Mbele ya ng'ombe aliyekatiza barabara ghafla, au mtoto anayetoka shule, sehemu hiyo moja ya sita ndiyo tofauti ya kusimama na kugonga.

Lakini si kila mota inayokata imekata kwa sababu ya kasi. Fundi mzuri huuliza kwanza: imekata wapi, na mwendeshaji alikuwa anafanya nini?

Ikikata kwenye tambarare au mteremko, kila mara kwenye namba ile ile ya skrini, na kurudi mara kasi inaposhuka, hicho ni kikomo cha kasi. Hakuna kilichoharibika.

Ikikata mlimani, mwendo ukiwa mdogo na mzigo mkubwa, tatizo ni betri au joto la mota. Betri ya volti 36 ikijaa hufika volti 42, na ikikaribia kuisha hushuka hadi kama 30. Mlimani mota inavuta umeme mwingi, volti zinashuka kwa muda, na betri inajizima ili isiharibike. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, ambazo watu wa Njombe wanazijua vizuri, hali hii huja mapema zaidi, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwa baridi hutoa umeme kwa shida. Kuilaza betri ndani ya nyumba badala ya kuiacha nje usiku kunasaidia.

Kama kasi ya juu inapungua siku inavyokwenda, asubuhi baiskeli ilifika 28 na jioni haipiti 23, hiyo nayo ni betri. Kasi ya juu ya mota hufuata volti za betri. Volti zikishuka, kasi inashuka nazo, bila kontrola kukata chochote.

Kama mota inakata kila usukani unapotikisika au kwenye mashimo, sumaku ya kwenye spoku huenda imelegea na kuhama, au waya wa kihisio umekatika. Baiskeli nyingi zikikosa alama za gurudumu huonyesha kosa kwenye skrini na kuacha kusaidia. Vishikio vya breki pia huwa na swichi inayozima mota breki inaposhikwa. Kishikio kilichopinda baada ya kuanguka huifanya mota idhani breki inashikwa muda wote.

Na upepo? Makambako ina upepo mkali. Ukivuma kutoka mbele, baiskeli inaweza isifike kabisa kasi ya kukata. Ukivuma kutoka nyuma, inafika mapema. Mwendeshaji anayeona mota inakata akienda na haikati akirudi, akumbuke upepo na mwinuko wa barabara kabla ya kumlaumu fundi.

Jambo moja lishikwe kwa mikono miwili: kukata kwa mota si breki. Kikomo cha 25 ni mwisho wa msaada, si mwisho wa kasi. Kwenye mteremko baiskeli inaweza kufika 40 au 50 mota ikiwa imelala kabisa. Baiskeli ya umeme ni nzito kwa sababu ya betri na mota, na ikibeba gunia inazidi kuwa nzito. Tena katika nyanda za juu hewa ni nyepesi: Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja ya tano, na hewa nyepesi haizuii sana kitu kinachokimbia. Kwa hiyo breki za baiskeli ya umeme zinatakiwa ziwe bora kuliko za baiskeli ya kawaida, na zikaguliwe mara kwa mara. Kuteremka kwa kutumaini kuwa mota itazuia ni kosa linaloua.

Hatua ya tatu: mtu anajipimiaje?

Njia ya kwanza ni ya chaki, na ndiyo bora. Tairi lijazwe upepo wake wa kawaida. Mstari uchorwe kwenye tairi na mwingine chini, pale tairi linapogusa sakafu ya saruji au lami. Mwendeshaji akae juu ya baiskeli, kwa sababu uzito wake hulibonyeza tairi. Mtu mwingine aisukume polepole kwa kunyoosha, mpaka alama ya tairi imegusa chini mara tano. Umbali upimwe kwa tepu ya fundi seremala, kisha ugawanywe kwa tano. Jibu ndilo mzingo halisi. Kama skrini inakubali milimita, namba hiyo iingizwe. Kama inakubali inchi tu, ichaguliwe saizi iliyo karibu nayo.

Kwa nini mizunguko mitano na si mmoja? Kwa sababu kosa la sentimita moja katika kupima linagawanyika kwa tano, na linakuwa dogo sana.

Njia ya pili ni ya umbali. Kando ya barabara kuu kuna vibao vya kilomita. Skrini nyingi zina hesabu ya safari inayoweza kurudishwa sifuri. Mtu aianze kwenye kibao kimoja na kuisoma baada ya kilomita tano. Ikionyesha 4.6, skrini inapunguza, na kasi yake nayo inapunguza kwa kiasi hicho hicho. Ikionyesha 5.4, inazidisha. Uzuri wa njia hii ni kuwa haihitaji mwendo wa kutulia. Mtu anaweza kusimama njiani na kupumzika, hesabu haiharibiki. Ifanywe mchana, barabara ikiwa na magari machache, na macho yabaki barabarani.

Wenye saa wanaweza kutumia muda pia. Kilomita moja kwa dakika tatu ni kilomita 20 kwa saa. Kilomita moja kwa dakika mbili na sekunde 24 ni 25. Kilomita moja kwa dakika mbili kamili ni 30.

Njia ya tatu ni ya simu. Simu yenye GPS hupata kasi kutoka kwa satelaiti, haijali saizi ya tairi. Kwenye barabara iliyonyooka, anga ikiwa wazi na mwendo ukiwa mmoja kwa nusu dakika hivi, namba yake ni ya kuaminika. Ndani ya misitu ya misonobari na mikaratusi, kwenye kona, au mtu anapoanza na kusimama, simu huchelewa na kukosea. Abiria wa mabasi ya mikoani wanaujua mfumo wa aina hii: ndiyo kazi ya kifaa cha VTS ambacho LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inakitumia kufuatilia mwendo wa mabasi kwa satelaiti. Simu ifungwe imara kwenye usukani au ikae kwa mtu anayefuata. Kuishika mkononi huku mtu akiendesha ni hatari kuliko kutojua kasi.

Limebaki jambo moja zito. Wako wanaoijua siri ya mzingo na kuitumia vibaya. Mtu mwenye gurudumu la inchi 26 anaingiza namba ya inchi 20 kwa makusudi. Kontrola inaamini baiskeli inakwenda 25, kumbe inakwenda 33, na mota inaendelea kusukuma. Amepata nini? Amepata skrini inayomwambia uongo kila dakika, na hesabu ya kilomita isiyoweza kumwambia lini abadilishe mnyororo na breki. Amepata mota inayochemka na betri inayoisha mapema. Na umbali wake wa breki umeongezeka karibu robo tatu, kwa breki na rimu zile zile. Tena anapoteremka mlima anaweza kupita kikomo cha sheria bila skrini kumwonya: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo katika maeneo ya makazi, na tochi ya trafiki haiulizi skrini ya mtu inasema nini. Inapima chombo chenyewe. Vijana wanaofanya hivi wana wazazi, wake na watoto wanaowangoja nyumbani. Hakuna mzigo wa viazi wala abiria anayestahili gharama hiyo.

Kwa mnunuzi, basi, maswali ya kuuliza dukani ni manne. Skrini inaonyesha kilomita au maili? Gurudumu lililoandikwa kwenye mipangilio ni la saizi ile ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi? Mota inakata kwenye kasi gani? Breki zinaisimamisha baiskeli ikiwa na mzigo? Muuzaji mwaminifu atajibu yote, na ataruhusu tairi lipimwe kwa chaki mbele ya duka.

Wasikilizaji, kwa ufupi ni haya. Skrini huhesabu mizunguko na kuamini mzingo iliotajiwa. Mota hukata kwa kufuata hesabu hiyo hiyo, na kukata kwake si breki. Mzingo unapimwa kwa chaki na tepu, na upimwe upya kila tairi la saizi nyingine linapofungwa au kontrola inapobadilishwa.